Austin 7, mkweche uliosomesha mabingwa

Leo tuiweke tarakilishi kando kidogo, ndugu msomaji, tuzungumze habari za magari. Wanaokuja hapa kwa ajili ya programu wasiondoke. Mada ni ile ile, ila leo imepanda magurudumu.

Swali ni hili. Mtu ana pesa kidogo na mkweche mdogo usio na mnunuzi. Aufanyie nini? Mtaani jibu ni rahisi: stika mlangoni, ekzosi ya kunguruma na rimu za kumetameta. Historia inatupa jibu tofauti. Kuna gari moja la Uingereza, la bei ya chini kabisa, lililotangazwa mwaka 1922 na ambalo kiwanda kiliacha kulitengeneza mwaka 1939. Hapo habari yake ingeishia. Lakini kazi yake kubwa zaidi ilikuja baadaye, wakati limechakaa, thamani yake imeshuka, na limeangukia mikononi mwa vijana wasio na uwezo wa kununua jingine. Gari hilo ni Austin 7. Miongoni mwa vijana hao walikuwemo Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, na Bruce McLaren, ambaye jina lake bado liko kwenye mashindano ya Formula One.

Ilikuwa bahati tu? Sidhani. Gari hilo lilikuwa na tabia fulani zilizolifanya liwe shule, na tabia hizo zinatuhusu sisi tunaotengeneza vitu ambavyo watu wengine watavirithi.

Gari lililozaliwa na kodi

Kuanzia mwaka 1921 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya magari kwa kufuata nguvu za farasi: pauni moja kwa kila farasi mmoja, kila mwaka. Lakini farasi hao hawakupimwa kwa mashine. Walikokotolewa kwa kanuni. Chukua kipenyo cha silinda kwa inchi, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa idadi ya silinda, kisha gawanya kwa 2.5. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuhesabiwa kabisa.

Ford Model T ya Marekani ilikuwa na silinda nne zenye kipenyo cha inchi 3.75. Ukifanya hesabu unapata 22.5, na mwenye gari akalipa pauni 23. Kwa familia ya kawaida hizo zilikuwa pesa nyingi. Watengenezaji wa Uingereza waliisoma kanuni hiyo jinsi mwandishi wa programu anavyosoma masharti ya kazi, wakauona mwanya: silinda iwe nyembamba, pistoni itembee mwendo mrefu.

Herbert Austin alikuwa na sababu ya ziada ya kuwa makini. Kampuni yake, iliyokuwa Longbridge karibu na Birmingham, ilikuwa imeelemewa na madeni na mwaka 1921 ikawekwa chini ya msimamizi wa kulinda haki za wadai. Wenzake kwenye bodi hawakutaka kusikia habari za gari dogo. Basi akaipeleka kazi nyumbani kwake, Lickey Grange, akamchukua mchoraji ramani wa kiwandani aitwaye Stanley Edge, kijana wa miaka 18, na wawili hao wakaanza kuchora. Edge ndiye aliyemshawishi mzee kwamba injini ndogo ya silinda nne ingewezekana kwa gharama nafuu. Austin aliweka pesa zake mwenyewe kwenye mradi huo, na kwa kila gari lililouzwa baadaye akalipwa gini mbili.

Gari lilitangazwa Julai 1922 kwa pauni 165. Injini ya mwanzo ilikuwa na sentimita za ujazo 696, ambayo kwa kanuni ya serikali ilikuwa karibu farasi 7.2, na ndiko jina la 7 lilikotoka. Punde si punde ikakuzwa hadi 747: kipenyo inchi 2.2, mwendo inchi 3. Fanya hesabu mwenyewe: 2.2 × 2.2 × 4 ÷ 2.5 ni 7.74. Kodi, pauni 8. Nguvu yake halisi ilikuwa kama farasi 10 hivi, na gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 360 au karibu na hapo. Lililengwa kwa baba mwenye pikipiki ya kigari cha pembeni, anayembeba mkewe na watoto kwenye mvua. Likampata. Hadi mwaka 1939 yalikuwa yametengenezwa magari yapatayo 290,000.

Kufunguka kwake

Sasa tulitazame kwa jicho la fundi. Chasisi ya Austin 7 ni pau mbili za chuma zilizokutana mbele na kuachana nyuma, mfano wa herufi A. Mbele kuna springi moja ya majani iliyolala kutoka upande hadi upande. Nyuma kuna springi mbili fupi zilizochomoza kutoka kwenye ncha za chasisi. Bodi imefungwa juu kwa bolti. Iondoe, na ulichobaki nacho bado ni gari: injini, gia, usukani, breki na magurudumu, vyote mahali pake.

Injini nayo ni ya wazi hivyo hivyo. Silinda zimekaa kwenye bloku ya chuma, bloku imekaa juu ya kasha la alumini, na hedi inafunguliwa peke yake. Kwa spana chache na subira unaweza kuifumua yote juu ya meza ya jikoni. Katika miaka 17 kiwanda kilifanya mabadiliko mengi madogo, lakini umbo la msingi lilibaki lile lile, hivyo kwa kiasi kikubwa kipuri cha gari moja kilifaa jingine. Wanaozunguka Kirinyaga Road jijini Nairobi wakitafuta vipuri wanajua thamani ya jambo hili bila kuelezwa.

Kwa lugha yetu sisi watu wa programu, hii ni moduli juu ya moduli, na mahali zinapoungana panaonekana. Hukuhitaji kulielewa gari zima ili ubadilishe sehemu moja. Ukiharibu, unarudisha ya zamani.

Wa kwanza kulichokonoa

Watu hawakungoja lizeeke. Mwaka 1927 William Lyons, aliyekuwa akitengeneza vigari vya pembeni vya pikipiki mjini Blackpool kwa jina la Swallow, alichukua chasisi ya Austin 7 akaivika bodi ya alumini yenye mviringo na rangi mbili. Chini ilikuwa injini ile ile ya mwananchi wa kawaida. Juu ilionekana kama gari la tajiri. Biashara hiyo ikakua, ikahamia Coventry, na kuanzia mwaka 1945 kampuni yake ikaitwa Jaguar.

Ujerumani, kiwanda cha Eisenach kilianza kulitengeneza kwa leseni mwaka 1927 kwa jina la Dixi. Mwaka uliofuata BMW, iliyokuwa ikiunda pikipiki na injini za ndege, ilikinunua kiwanda hicho. Gari la kwanza la BMW, basi, lilikuwa Austin 7 lililobadilishwa jina. Marekani nako, mji wa Butler katika jimbo la Pennsylvania, kilifunguliwa kiwanda cha American Austin mwaka 1930. Kilifilisika, kikafufuka kwa jina la Bantam, na mwaka 1940 wahandisi wake ndio waliolipelekea jeshi la Marekani jeep ya kwanza ya majaribio. Jeep ndiyo iliyowapa watu wa Rover wazo la Land Rover ya mwaka 1948, ambayo mzee yeyote aliyekulia shambani Kenya anaikumbuka.

Lakini hao walikuwa wenye viwanda. Anayetuhusu zaidi ni mhandisi kijana aitwaye Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, mji ambao leo ni Izmir, Uturuki. Alikuwa akishindana kwa Austin 7, na katika miaka ya 1930 yeye na rafiki yake George Dowson wakaamua kujiundia gari lao jepesi la mbio kwa mikono yao. Iliwachukua miaka. Injini ilikuwa ya Austin 7. Chasisi ya kawaida hawakuitumia. Mbavu za gari zilikuwa plaiwudi iliyovikwa alumini, na nguvu ilibebwa na ngozi hiyo yenyewe. Springi zao zilikuwa za mpira.

Ikumbuke springi hiyo ya mpira. Mwaka 1959 Issigonis alitoa gari lililobadilisha umbo la magari madogo duniani, Mini, na lilikuwa na springi za mpira. Moja ya majina ambayo Mini iliuzwa nayo mwanzoni? Austin Seven.

Baada ya vita

Vita vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa imeshinda lakini mfukoni haina kitu. Magari mapya yalipelekwa ng'ambo kutafuta fedha za kigeni. Kijana aliyetaka gari la mbio hakuwa na la kununua, na kama lingekuwepo hakuwa na pesa. Alichokuwa nacho ni Austin 7 zilizotapakaa kila kona ya nchi, nyingi zikiwa na bodi zilizooza lakini chuma cha chini kikiwa kizima.

Ndipo ulipoenea mtindo wa kuunda kile walichokiita speshali: unavua bodi kuukuu, unaunda nyingine nyepesi, unashusha gari chini, unatengeneza breki, unachezea injini. Waliokata ekseli ya mbele katikati na kuifunga bawaba, ili kila gurudumu lipande na kushuka peke yake, walikuwepo. Waliolainisha matundu ya injini kwa tupa usiku kucha walikuwepo. Walimu, makarani, wanafunzi. Mmoja wa waliosukuma mbele harakati hizi, Holland Birkett, alikuwa daktari wa mifugo.

Kilichowaunganisha ni klabu iitwayo 750 Motor Club, iliyoanzishwa mwaka 1939. Klabu ilikuwa na jarida lake, na humo wanachama waliandikiana mbinu: hedi ikwanguliwe kiasi gani, springi gani ya vali inafaa, kabureta gani ya gari lingine inaingia bila kuhangaika. Aliyegundua kitu hakukificha. Baadaye vilitoka vitabu vizima vya kumwelekeza mtu hatua kwa hatua. Nani kati yetu hajawahi kukwama saa nane za usiku, akaokolewa na maelezo ya mtu asiyemjua? Hawa walikuwa wakifanya hivyo kwa karatasi na stempu.

Kijana, gereji na plaiwudi

Colin Chapman alizaliwa mwaka 1928. Akiwa mwanafunzi wa uhandisi wa majengo katika University College London, alikuwa na biashara ndogo ya kununua na kuuza magari makuukuu pamoja na mwenzake. Oktoba 1947 serikali ilifuta mgao wa kawaida wa petroli kwa watu binafsi. Bei za mikweche zikaporomoka kwa ghafla, kwa kuwa nani anunue gari asiloweza kulijaza mafuta? Chapman akauza alivyoweza kuuza. Mwishowe akabaki na Austin 7 kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka.

Akaiingiza kwenye gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams, kaskazini mwa London, akaanza kuivua. Hapa elimu ya majengo ikamfaa. Chasisi ya Austin 7 ni nyembamba na inajipinda barabarani, na gari linalojipinda halishiki njia. Chapman hakuwa na pesa za chasisi mpya. Akaifanya bodi yenyewe kuwa sehemu ya mifupa: akasimamisha kuta za kukingama, akazifunga kwa plaiwudi iliyobandikwa alumini, na zile pau mbili dhaifu zikapata kasha la kuzishikilia. Gari likawa jepesi na gumu kwa pamoja. Mwaka 1948 likawa tayari, naye Hazel akawa mwenzake katika mashindano ya kupanda milima ya matope.

Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa Lotus ya kwanza. Aliiuza ili apate pesa za kuunda ya pili, na hadi leo haijulikani iliko.

Mwaka 1952 Lotus ikawa kampuni, kwa mtaji wa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel, ambaye baadaye alikuwa mkewe. Gari lao la mapema, Mark VI, liliuzwa kwa vipande ili mnunuzi akaliunge nyumbani, maana kwa njia hiyo hakutozwa kodi ya ununuzi. Unaona jinsi kodi inavyorudi kila mara kwenye hadithi hii? Mwaka 1962 Lotus 25 iliingia Formula One ikiwa gari la kwanza humo ambalo ngozi yake yote ya nje ndiyo mifupa. Watu waliliona kuwa jambo jipya. Lakini ukirudi nyuma miaka 14 unaikuta mbegu ya wazo hilo imetengenezwa kwa plaiwudi, nyuma ya nyumba ya mkwe.

Sheria za klabu

Mahali wengi wanapokosea ni kudhani kwamba ubunifu unataka uhuru usio na mipaka. 750 Motor Club walifanya kinyume. Mwaka 1950 walianza mashindano yenye masharti magumu: chasisi ya Austin 7, injini ya Austin 7, na supachaja marufuku. Lengo lilikuwa kumzuia mwenye pesa asimshinde mwenye akili. Katika mashindano hayo likang'ara gari la Jack French lililoitwa Simplicity, jina ambalo maana yake ni usahili.

Mwaka 1951 Chapman alikuja na Lotus yake ya tatu, aliyoiunda kwa msaada wa ndugu wawili, Michael na Nigel Allen. Alikuwa ameisoma injini kwa makini. Austin 7 ina silinda nne lakini matundu ya kuingizia hewa na petroli ni mawili tu, kila tundu likihudumia silinda mbili. Silinda hizo mbili jirani huvuta kwa kufuatana, hivyo moja inamnyang'anya mwenzake. Ni kama programu mbili zinazogombania njia moja ya data. Kuchonga bloku upya kungegharimu sana. Chapman akaingiza kigawanyo ndani ya tundu, kila silinda ikapata njia yake, na kwa nadharia akawa na matundu manne mahali pa mawili.

Wenzake waliliona gari hilo kwa nyuma tu. Msimu ulipokwisha klabu ikaandika sheria mpya ya kuipiga marufuku mbinu hiyo.

Je, walimwonea? Mimi naona pande zote mbili zilifanya kazi yake. Chapman alisoma sheria neno kwa neno, jinsi Herbert Austin alivyosoma kanuni ya kodi. Klabu nayo ilijua kwamba mbinu hiyo ikiachwa, kila mwanachama atalazimika kuifuata, gharama zitapanda, na yule karani mwenye pauni chache atabaki nyumbani. Wakatoa kiraka. Mashindano yakaendelea, Chapman akaenda kutafuta uwanja mkubwa zaidi.

Upande wa pili wa dunia

Wakati huo huo, New Zealand, mwenye gereji mmoja wa Auckland aitwaye Les McLaren alinunua Austin 7 ya aina ya Ulster, ile ya mbio, ikiwa vipande vipande. Mwanawe Bruce, aliyezaliwa mwaka 1937, alikuwa ametumia karibu miaka miwili ya utoto wake kitandani kwa ugonjwa wa nyonga uliomwachia mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Baba na mwana wakaliunga gari lile. Mwaka 1952, akiwa bado kijana wa shule, Bruce akalipeleka kwenye shindano lake la kwanza la kupanda mlima, huko Muriwai.

Miaka saba baadaye, Desemba 1959, alishinda Grand Prix ya Marekani akiwa na miaka 22. Mwaka 1963 akaanzisha timu yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1970 akilijaribu gari lake moja katika uwanja wa Goodwood, Uingereza, lakini timu ikabaki. Ile Austin 7 ndogo nayo imehifadhiwa na kampuni ya McLaren huko Woking, pamoja na magari yaliyotwaa ubingwa wa dunia.

Chapman aliingia kwa mlango wa hesabu za majengo, Bruce kwa mlango wa gereji ya babake. Wote wawili walikutana na somo lile lile: fungua, tazama, badilisha, jaribu, vunja, rudia.

Hesabu ya asiye na pesa

Somo lenyewe lilikuwa na mantiki. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi, tukimwacha dereva nje. Gari la kilo 360 lenye farasi 10.5 linampa kila farasi mzigo wa kilo 34. Ukiliondolea kilo 60, kila farasi anabaki na kilo 28 na nusu. Ungetaka matokeo hayo hayo bila kupunguza uzito, ungehitaji farasi 12.6, yaani kuongeza nguvu ya injini kwa asilimia 20. Kuongeza nguvu kunataka pesa, na injini iliyobanwa zaidi hufa mapema. Kuondoa kilo 60 kunataka msumeno na jasho. Tena gari jepesi husimama haraka, hukata kona vizuri, na hunywa petroli kidogo. Kitendo kimoja, faida nne.

Kwa hiyo wajenzi wenye busara walianza kwa kuondoa. Kisha wakatafuta ugumu wa chasisi, kisha breki na springi, na injini ikaja mwisho. Kijana wa stika na ekzosi anaanzia mwisho, na mara nyingi pesa zinamwishia hapo. Sisi nasi tunamjua mtu anayenunua seva kubwa zaidi kabla hajauliza kwa nini programu yake inasoma faili ile ile mara elfu.

Tusilipambe

Austin 7 haikuwa malaika. Breki zake za nyaya zilikuwa dhaifu, na katika magari ya mwanzo pedali ilivuta magurudumu ya nyuma na breki ya mkono ikavuta ya mbele. Krankishafti ilishikiliwa na beringi mbili tu, moja kila mwisho, hivyo ukiizungusha kasi sana katikati ilicheza kama kamba ya kuruka, na wengi waliivunja. Mafuta ya kuilainisha yalirushwa kwa vijito vidogo badala ya kusukumwa ndani kwa presha. Anayesema magari ya zamani yalikuwa bora kwa kila kitu ajaribu kusimamisha moja kwenye mteremko wenye mvua.

Speshali nyingi pia zilikuwa mbovu. Kwa kila Chapman walikuwepo wengi walioishia na rundo la vyuma kwenye ua na mke aliyenuna. Na bodi nyingi nzuri za asili zilitupwa jalalani, jambo ambalo wapenzi wa magari ya kale wanalijutia. Mwaka 1960 serikali ya Uingereza ilianzisha ukaguzi wa lazima wa magari yenye umri wa zaidi ya miaka 10, na hilo, pamoja na kuja kwa magari mapya ya bei nafuu kama Mini, likapunguza kasi ya mtindo huo. Kwa usalama wa barabara, huo ulikuwa uamuzi wa haki.

Funzo kwetu

Turudi kwenye swali letu. Kilichoifanya Austin 7 kuwa shule ni nini? Naona mambo manne. Ilikuwa nyingi na ya bei ya chini, kwa hiyo kuiharibu hakukumfilisi mtu. Ilifunguka kwa zana za kawaida. Maarifa yake yaliandikwa na kugawanwa bila choyo. Na waliokuwa wakishindana nayo walijiwekea sheria za kuwazuia wenye pesa wasiufunge mlango.

Ona kwamba ni jambo moja tu kati ya hayo manne lililotegemea ufundi wa kiwanda kwa ukamilifu, nalo ni la kufunguka. Bei ililetwa na uzee. Maarifa na sheria vililetwa na watu wengine kabisa. Herbert Austin alifariki mwaka 1941 na hakuwahi kujua kwamba kuna Chapman wala McLaren. Hakukusudia kuwafundisha. Alitaka tu kuuza gari dogo na kuiokoa kampuni yake. Lakini kwa kuwa alitengeneza kitu kinachofunguka, kizazi kilichofuata kikaingia ndani.

Gari la leo lina tarakilishi ndogo nyingi ndani yake, na katika baadhi ya magari ukibadilisha kipuri, tarakilishi hizo hazikikubali mpaka kifaa cha kiwanda kiziruhusu. Fundi ana spana, ana akili, ana kipuri mkononi, lakini hana ruhusa. Nani aliyeandika kufuli hilo? Si mhunzi wala mchomelea vyuma. Ni mtu wa kazi yetu, aliyekaa mbele ya kioo kama hiki.

Kufuli zingine zina sababu nzuri. Sitaki breki za gari langu zibadilishwe na mpita njia kupitia simu. Lakini nyingi ziliwekwa bila mtu kuuliza nini kitatokea miaka 20 ijayo, kampuni itakapokuwa imefungwa, seva zimezimwa, na kifaa kimebaki kwa kijana ambaye hana kingine. Kwetu hapa, ambapo gari na simu na tarakilishi mara nyingi hutufikia zikiwa zimeshatumika, kijana huyo si wa kufikirika. Ni jirani.

Basi ukiandika programu wiki hii, iwe ya duka la mtaani au ya mashine ya kiwandani, jiulize maswali mawili kabla ya kufunga kazi. Atakayeirithi bila kunifahamu, ataweza kuifungua? Na akiifungua, ataelewa anachokiona? Jibu likiwa ndiyo, huenda ukawa unamsomesha bingwa ambaye hutamwona.